UZI: Uoksidishaji wa seli, mizani ya redoksi (kutoa na kupokea elektroni) na kuzeeka: ushahidi unasema nini, na dripu za "kurudisha ujana" zinafanya nini

KemiaHai:

Wakuu, habari za jioni. Matangazo ya vidonge na dripu za "kufuta sumu ya oksijeni" yamezidi, na karibu yote yanasimama juu ya maelezo ya miaka ya 1950. Naomba mada hii tuiweke sehemu moja, kwa takwimu. Wa maabara, wa famasia na wa kliniki mkaribie.

Nianze na mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli. Elektroni zinazotoka kwenye chakula hupita kwenye mnyororo wa vimeng'enya mpaka zikabidhiwe oksijeni, na zao lake ni maji. Chache huchomoka njiani, hasa kwenye kompleksi ya I na ya III, zikadakwa na oksijeni kabla ya wakati. Hapo ndipo inapozaliwa supaoksaidi, ambayo ni radikali, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Kimeng'enya SOD, ambacho McCord na Fridovich walieleza kazi yake mwaka 1969, huigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi nayo huondolewa na vimeng'enya vya peroksiredoksini, glutathioni peroksidesi na katalesi. Ikikutana na chuma huru kabla haijaondolewa, hutoa radikali ya haidroksili, na hiyo hakuna kimeng'enya kinachoiwahi. Itagonga chochote kilicho jirani yake: DNA, mafuta ya utando, proteini.

Denham Harman alipendekeza mwaka 1956 kwamba kuzeeka ni mrundikano wa madhara hayo, na mwaka 1972 akaelekeza kidole kwenye mitokondria yenyewe. Wazo lilieleweka haraka, na biashara ikalifuata: kama radikali zinazeesha, basi meza kitu cha kuzizima, yaani antioksidanti.

Wazo hilo lilipopimwa, mambo yakawa tofauti. Panya waliobakishiwa nakala moja tu ya jeni ya Sod2, inayotengeneza SOD ya mitokondria, walipata uharibifu zaidi wa DNA na saratani zaidi, lakini umri wao wa kuishi haukupungua (Van Remmen na wenzake, 2003). Minyoo ya *C. elegans* iliyoondolewa sod-2 kabisa iliishi muda mrefu zaidi kuliko ya kawaida (Van Raamsdonk na Hekimi, 2009). Mwaka uliofuata maabara hiyohiyo ikaonyesha kwamba dozi ndogo ya parakwati, sumu ya magugu inayozalisha supaoksaidi, nayo iliongeza umri wa minyoo. Ukizidisha dozi, minyoo inakufa.

Maana yake ni kwamba peroksaidi ni taarifa pia. Ndani ya seli yenye afya huwa kwenye nanomola 1 hadi 10 hivi, na seli huitumia kujua kama kuna chakula, jeraha au mazoezi. Inagusa sisteini maalumu (amino asidi yenye salfa) kwenye proteini, kisha sisteini hiyo inarudishwa hali yake. Proteini KEAP1 ni mfano mzuri: sisteini zake zikiguswa, inaacha kumwangamiza mwenzake NRF2, naye anaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za ulinzi, zikiwemo za kutengeneza glutathioni, antioksidanti kuu ya seli yenyewe.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu uzee ni kama mfumo huu bado unaitikia haraka na kurudi haraka. Kwa wazee utengenezaji wa glutathioni hupungua na mwitikio wa NRF2 huwa mzito. Tatizo ninaloliona mimi liko hapo, kwenye akiba na mwitikio. Kumwagia seli antioksidanti kutoka nje hakurudishi kimojawapo.

Nyuki_wa_Iringa:

Asante mwalimu. Vitabu vingi vinasema 1 hadi 2% ya oksijeni tunayovuta inageuka radikali. Hiyo ni kweli?

KemiaHai:

Takwimu hiyo ilitoka kwenye mitokondria zilizotolewa nje ya seli, zikapewa oksijeni ya hewani na chakula cha kupitiliza. Ndani ya tishu oksijeni ni kidogo mno ukilinganisha na 21% ya hewani, na mnyororo hausongwi namna hiyo. St-Pierre na wenzake walipopima mwaka 2002 kwa masharti yanayokaribia ya mwili, walipata isiyozidi takribani 0.15%. Kasoro hiyohiyo ipo kwenye tafiti nyingi za seli za kukuzwa maabara: zinaishi kwenye oksijeni ya hewani, yaani zimeshaelemewa kabla hujaweka dawa yako.

DktMwanaisha:

Kaka KemiaHai, nakubaliana na mengi ila tusiizike nadharia yote. Panya waliowekewa katalesi ndani ya mitokondria waliishi takribani miezi 5 zaidi (Schriner na wenzake, 2005). Wale waliowekewa katalesi hiyohiyo kwenye kiini au kwenye peroksisomu (chumba kingine cha seli) hawakupata faida ya namna hiyo. Panya wasio na Sod1 kabisa wanaishi muda mfupi na wanapata saratani ya ini. Wasio na Sod2 kabisa hufa wakiwa wachanga.

KemiaHai:

Sawa kabisa dada, na mfano wa katalesi ndio unaoibeba hoja: *mahali* ndilo jambo. Kimeng'enya kilekile, panya walewale, kikiwekwa chumba kingine matokeo yanabadilika. Kidonge cha vitamini hakina anwani hiyo. Na ukiondoa SOD yote unaua, ukiondoa nusu umri haubadiliki, kwa hiyo kuna akiba kubwa kabla ya kufika kwenye madhara.

Kwa binadamu tuna majaribio makubwa matatu ambayo kila muuza virutubisho angepaswa kuyajua. La kwanza ni ATBC la Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133: waliopewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa 18% zaidi (matokeo ya 1994). La pili ni CARET la Marekani, watu 18,314, beta-karotini miligramu 30 pamoja na vitamini A: lilisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda, saratani ya mapafu ikiwa imeongezeka kwa 28%. La tatu ni SELECT, wanaume zaidi ya 35,000: vitamini E yuniti 400 kwa siku iliongeza saratani ya tezi dume kwa 17% (2011). Karoti za sokoni hazimo kwenye mjadala huu, nazungumzia dozi za chupa.

La mazoezi nalo linafundisha. Ristow na wenzake (2009) waliwapa vijana wa kiume mazoezi ya wiki 4, wengine wakimeza vitamini C gramu 1 na vitamini E yuniti 400 kila siku. Wasiomeza kitu, mwili uliitikia insulini vizuri zaidi. Waliomeza, faida hiyo haikuonekana, na jeni za SOD na glutathioni peroksidesi hazikuwashwa ipasavyo. Vidonge vilizima taarifa ambayo mazoezi yalikuwa yanaipeleka.

Maabara_Moro:

Niongeze upande wa vipimo, maana matokeo mengi ya "msongo wa oksidi" yanaharibikia kwenye tyubu, na wanafunzi wanayaandika kwenye tasnifu kama yalivyo.

Chukueni uwiano wa glutathioni iliyo tayari (GSH) kwa iliyooksidishwa (GSSG). Damu nzima ina GSH karibu milimola 1, yaani mikromola 1,000, na GSSG ya kweli ni mikromola chache tu. Tuseme 2. Ikiwa 1% tu ya GSH itaoksidishwa wakati unahangaika na sentrifyuji, hiyo ni mikromola 10 za GSH, ambazo zinakupa mikromola 5 za GSSG. Umetoka 2 hadi 7, na uwiano umeshuka kutoka takribani 500 hadi 140. Mgonjwa hajabadilika, ulichokipima ni mkono wako.

Namna ya kuepuka: tyubu ya EDTA (inayozuia damu kuganda) iwe na kemikali ya NEM ndani yake *kabla* damu haijaingia, mkusanyiko wa mwisho usipungue milimola 25 hivi. NEM inafunga kundi la salfa la GSH lisiweze kuoksidishwa tena. Geuza tyubu polepole mara kadhaa, iache dakika chache, ndipo uweke asidi (TCA au metafosfori) kuangusha proteini. Usianze na asidi. NEM inafanya kazi vizuri kwenye pH ya kawaida, na asidi peke yake hailindi: himoglobini ikikutana na asidi inaoksidisha GSH hapohapo mbele yako.

Ukitumia njia ya Tietze ya 1969 (DTNB, NADPH na glutathioni ridaktesi, unasoma kwenye nanomita 412), kumbuka NEM iliyobaki inaua ridaktesi yako. Mstari hautapanda kabisa na utadhani hakuna GSSG. Iondoe kwa daikloromethani, ujazo mara tatu wa sampuli, tikisa, chukua tabaka la juu. GSH jumla ipime kwenye sehemu nyingine ya damu isiyo na NEM. Halafu hesabu: kila GSSG ina glutathioni mbili, kwa hiyo GSH = jumla kutoa mara mbili ya GSSG. Wengi husahau hiyo mbili.

Kwenye plazma kuna mtego mwingine. Plazma ina mikromola chache tu za GSH, seli nyekundu zina milimola. Ukiona plazma ina wekundu hata kidogo, itupe. Hakuna hesabu ya kuisahihisha.

TBARS, inayouzwa kama "kipimo cha MDA" (zao la mafuta yaliyooksidishwa), ni rahisi na ndiyo maana kila mtu anaitumia. Unachemsha sampuli na asidi kwenye nyuzi 95 na kusoma kwenye 532. Kuchemsha kwenyewe kunaoksidisha mafuta usipoweka BHT ya kuyalinda, na sukari pamoja na bilirubini huingilia rangi. Mgonjwa mwenye macho ya njano anaweza kukupa "msongo mkubwa" kwa sababu ya bilirubini tu. Kipimo ninachokiamini kwa mafuta ni F2-isoprostani kwenye mkojo kwa LC-MS, ukigawa kwa kreatinini. Kwa DNA, 8-oxodG (alama ya DNA iliyooksidishwa) ni nzuri ila jinsi unavyotoa DNA inaweza kuzalisha zaidi ya kile kilichokuwemo. Kundi la maabara za Ulaya, ESCODD, lilitumia miaka kuonyesha hilo.

Nyuki_wa_Iringa:

Na zile mashine za kuweka kiganja unaambiwa kiwango chako cha antioksidanti? Na namba za ORAC kwenye maboksi?

Maabara_Moro:

Mashine za mwanga kwenye ngozi zinapima karotenoidi, yaani kama umekula mboga na matunda ya rangi. Haziwezi kuona GSH wala peroksaidi. Tone la damu chini ya hadubini kuonyesha "uchafu wa radikali" halina msingi wowote: radikali hazionekani kwa hadubini ya mwanga, na yale madoadoa ni damu inayoganda kwenye kioo.

ORAC ni kipimo cha nguvu ya antioksidanti ndani ya bomba la kioo. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliitoa orodha yake mtandaoni mwaka 2012 kwa sababu namba hizo hazitabiri kinachotokea mwilini na zilikuwa zinatumika kuuza bidhaa.

Mfamasia_Tanga:

Nije kwenye dripu za glutathioni, kwa sababu ndizo zinazoleta watu madhara.

Ukiimeza, sehemu kubwa inavunjwa tumboni na kwenye ini kuwa amino asidi zake tatu: glutamati, sisteini, glisini. Ukiichoma kwenye mshipa, inabaki kwenye damu dakika chache tu. Seli nyingi haziipokei ikiwa nzima. Kimeng'enya gama-GT kilicho nje ya seli kinaivunja, kisha seli inajijengea upya kwa kasi yake yenyewe, na kasi hiyo inategemea sisteini iliyopo na kimeng'enya GCL kinachoanza ujenzi huo. Kwa hiyo ndani ya seli ya mzee dripu haikwepi kile kilichopungua.

Mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilionya rasmi mwaka 2011 kuhusu sindano hizi za kung'arisha ngozi: mzio mkali, ugonjwa wa Stevens-Johnson unaobabua ngozi, madhara ya figo. Ongeza hatari ya kuchomwa saluni na mtu asiye na adrenalini ya kuokoa mwenye mzio mezani. Mara nyingi huchanganywa na vitamini C kwa gramu nyingi, na hilo naliachia wa damu walieleze.

N-asetilisisteini (NAC) ina heshima yake, ila kwenye kazi yake. Paracetamol iliyozidi hugeuzwa na ini kuwa NAPQI, ambayo hula glutathioni, na ikishuka hadi theluthi moja hivi seli za ini zinaanza kufa. NAC kwenye mshipa, miligramu 150 kwa kilo saa ya kwanza, 50 kwa kilo saa 4 zinazofuata, 100 kwa kilo saa 16, inaokoa ini, hasa ikianza ndani ya saa 8. Huo ni upungufu wa kweli na tiba ya kweli.

Kwa uzee, watafiti wa Baylor kule Houston walijaribu glisini pamoja na NAC, miligramu 100 kwa kilo kwa siku kila moja. Jaribio la kwanza lilikuwa na wazee 8, la pili, la 2022, wazee 24 kwa wiki 16. Glutathioni ilipanda na mwendo wa kutembea ukaboreka. Inatia moyo, lakini ni watu wachache. Jaribio jingine la 2022 lenye wazee wenye afya 114 kwa wiki 2 halikuonyesha mabadiliko ya glutathioni kwa kundi zima. Na msisahau kwamba kwa panya wenye saratani ya mapafu, NAC iliharakisha uvimbe (Sayin na wenzake, 2014). Mtu anayevuta sigara, ambaye hajui ana nini kifuani, asiimeze miaka kwa miaka bila sababu ya daktari.

DktMwanaisha:

Nichukue hapo kwenye damu, maana ndipo redoksi inapokuwa suala la wodini kwetu Afrika Mashariki.

Seli nyekundu haina kiini wala mitokondria. NADPH yake yote, ambayo ndiyo inayorudisha GSSG kuwa GSH, inategemea njia moja inayoanzia kwenye kimeng'enya G6PD. Haina uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kipya, kwa hiyo katika siku zake 120 inaishi na kile ilichozaliwa nacho. Kwa mtu wa kawaida nusu ya G6PD hupotea kwa siku 62 hivi. Kwa mwenye upungufu wa G6PD wa aina ya A-minasi, iliyosambaa sana kwetu kwa sababu ya historia ya malaria, nusu hupotea kwa siku 13. Hapa mnauona uzee wa seli na akiba ya redoksi waziwazi: seli changa ina ulinzi, seli kuukuu haina.

Mwenye upungufu huo akipewa dawa kama dapsoni, rasburikesi, methilini buluu, au dripu ya vitamini C ya gramu nyingi, seli kuukuu zinapasuka. Mtoto akimeza naftalini, zile dawa za nondo za kabatini, ni hivyohivyo. Siku 1 hadi 3 baadaye mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, macho yanakuwa ya njano, himoglobini inashuka. Dawa ya malaria ya kloproguanili na dapsoni iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hii. Primakwini dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo, ambayo WHO iliishauri mwaka 2012 kwa malaria ya falsiparamu, hutolewa bila kupima G6PD, kwa sababu kwa dozi hiyo mshuko ni mdogo. Msichanganye hiyo na primakwini ya siku 14 ya malaria ya vivaksi. Hiyo inahitaji kipimo.

Kwa hiyo yeyote anayeuza dripu ya vitamini C bila kupima G6PD anacheza na maisha ya watu. Nasema hivyo bila kulainisha.

Nyuki_wa_Iringa:

Daktari, shikamoo. Mgonjwa akipimwa G6PD siku ileile amelazwa na kipimo kikasema kawaida, aamini?

DktMwanaisha:

Marahaba. Asiamini. Seli kuukuu zimeshapasuka, zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, na uboho unamwaga nyingine changa zaidi. Kipimo kinasoma hizo na kutoa jibu la uongo. Akiongezewa damu ni kibaya zaidi, unapima damu ya mchangiaji. Andika kwenye kadi "inashukiwa", mwepushe na dawa hizo, rudia baada ya miezi 3. Kwa wanawake, kipimo cha doa linalong'aa hukamata walio chini ya 30% hivi tu. Mama mwenye nakala moja yenye hitilafu anaweza kuwa na 30 hadi 70% akapita kama mzima, kwa hiyo kwake tumieni kipimo cha kiasi.

Mwanabiolojia_Voi:

Kuna mnyama wa kwetu ambaye hatuwezi kumwacha nje ya mjadala huu: fuko asiye na manyoya, anayechimba ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Ana ukubwa wa panya mdogo, lakini huishi zaidi ya miaka 30. Panya wa nyumbani hafiki 4.

Kwa nadharia ya 1956 angetakiwa kuwa na uoksidishaji kidogo. Andziak, Buffenstein na wenzao walipopima (2006), mafuta, proteini na DNA za fuko akiwa bado kijana vilikuwa vimeoksidishwa *zaidi* kuliko vya panya. Glutathioni peroksidesi yake nayo iko chini sana. Kinachomtofautisha ni kwamba madhara hayo hayaongezeki kwa kasi anavyozidi kuzeeka, proteini zake zinabaki na umbo na kazi, na mfumo wa NRF2 umewashwa muda wote kwa kiwango cha juu. Inalingana na alichosema KemiaHai kuhusu akiba na mwitikio.

Mama_Lishe_Moshi:

Naomba niweke la jikoni maana watu watauliza wale nini.

Vitamini C: mwili hufyonza karibu yote ukila miligramu 200 kwa mara moja, ukifika 1,250 hufyonza chini ya nusu, na ziada inatoka kwa mkojo. Pera moja la wastani linatosha siku nzima. Sukuma wiki, kabichi na mlonge zina glukosinolati, ambazo kimeng'enya mirosinesi huzigeuza kuwa viambata vinavyogusa KEAP1. Mlonge una ya kwake maalumu, glukomoringini. Mirosinesi inafanya kazi jani likikatwa, na inakufa kwa moto. Kwa hiyo katakata, acha dakika 10 au zaidi, ndipo uweke kwenye sufuria kwa muda mfupi. Kuchemsha dakika 30 na kumwaga maji kunaondoa kimeng'enya na glukosinolati pamoja.

Simwambii mtu kwamba mlonge unazuia uzee, ushahidi wa viambata vyake uko kwenye seli na panya. Ila ni mboga nzuri yenye proteini, na haihitaji dripu.

Nyuki_wa_Iringa:

Na mtu aliyeshaanza vidonge vya vitamini E yuniti 400, aviache ghafla au apunguze?

Mfamasia_Tanga:

Vitamini E haina dalili za kuacha, aache leo. Kama anatumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) amwambie daktari wake kabla, kwa sababu vitamini E kwa dozi kubwa huongeza kutoka damu, na akiiacha kipimo cha INR (cha kuganda kwa damu) kinaweza kusogea. Arudie INR baada ya wiki 1 au 2.